Unalisha Watu Sitini, Wewe Unakula Umesimama

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 37 na kibanda cha chakula hapa Kibuye, Kisumu. Wateja wananiita Mama Chapo. Baba watoto yuko Nakuru kwa mjengo, hutuma anapopata. Naamka saa kumi alfajiri, nakanda unga, na kufika saa moja maharagwe yameiva. Mchana nalisha watu kama sitini. Mimi mwenyewe nakula nimesimama, kile kitakachobaki kama kitabaki. Strungi, chai ya rangi, ndiyo inanishikilia, vikombe saba au vinane kwa siku. Watu wa boda wanakula kwa deni, daftari limefika shilingi 6,400. Usiku watoto wakilala ndipo nashika simu, na saa sita inanikuta naangalia video za watu ambao hata siwajui. Nikijilaza moyo unadunda, nawaza Fuliza, ule mkopo wa simu, karo na pesa za chama chetu cha akiba.*

*Wiki iliyopita kitinda mimba alimwaga maziwa, nikamfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Siku hiyo hiyo binti anayenisaidia aliunguza chapati nne, nikamwambia pole, hutokea. Mimi ni mama mbaya. Kuna siku natamani nilale tu nisiamke. Mdogo wangu wa Nairobi ananiambia, "Dada, jipende," halafu ananitumia picha za mishumaa ya kunukia na miguu iliyotumbukizwa ndani ya maji ya maua. Shangazi, huko kujipenda ni kwa watu kama sisi, ama ni kwa wenye nafasi?*

*Mama Chapo, Kibuye*

Marahaba, binti yangu.

Kabla ya chapati na mishumaa, kuna maneno umeyapitisha katikati ya barua kama mtu anayepita na mzigo gizani. "Natamani nilale tu nisiamke." Nakuuliza waziwazi, kama ningekuuliza tukiwa wawili tu jikoni: ni uchovu unaosema hivyo, au umeshawaza kujidhuru? Kama umewaza, hata mara moja, usiimalizie barua hii kwanza. Piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haikutozi pesa. Au mwite mtu mmoja unayemwamini aje akae nawe usiku wa leo, kisha kesho mwende hospitali pamoja. Na kama ni uchovu tu, bado kuna mtu wa karibu anayepaswa kuyasikia maneno hayo kutoka mdomoni mwako. Mweleze baba watoto. Nakuru si mbali hivyo, na simu unayo.

Haya, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: "nakula nimesimama." Umeiandika kama jambo dogo. Lakini hebu jitazame. Mteja akija unamfutia benchi, unamwekea maji ya kunawa, unamuuliza kama pilipili anataka. Akiacha maharagwe unauliza kama yamekosa chumvi. Mtu wa sitini na moja kwenye kibanda hicho ni wewe, na yeye hana benchi, hana sahani, anakwangua sufuria kwa mwiko huku jicho moja likiwa kwa jiko. Ungemtendea hivyo mgeni, asingerudi.

Hii hadithi naijua kwa sababu niliwahi kuwa ndani yake. Miaka hiyo nilikuwa nafundisha, na jioni nikitoka darasani nashona sare za watu mpaka usiku. Kichwa kikawa kinagonga kila siku. Nikaenda zahanati moja, muuguzi akanifunga ule mkanda wa presha mkononi, akaangalia, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akaniuliza, "Mama, leo umekula nini?" Nikamtajia: uji, baadaye ugali na apoth, yaani mrenda. Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Hicho ndicho ulichowapikia watoto. Nimekuuliza wewe umekula nini." Nilikaa kimya, maana jibu sikuwa nalo. Nilikumbuka tu kipande cha ugali mkavu nilichokitafuna nikielekea stendi.

Kwa hiyo swali lako, kama kujipenda ni kwa watu kama sisi, nalijibu hivi: hayo mambo ya mishumaa mimi siyajui na siyapigii debe. Ni biashara ya watu, na wana haki ya kuuza. Mdogo wako hana ubaya, anakupenda kwa lugha ya simu yake. Wewe anza na kuketi. Kesho, kabla sahani ya kwanza haijatoka kwenda kwa mteja, pakua yako. Chapati moja, maharagwe, na mboga ya majani ikiwepo. Geuza kreti ya soda, ukalie, ule mpaka umalize. Dakika kumi. Mteja akikuita, mwambie, "Nakuja, nakula." Najua utaona aibu siku ya kwanza. Utahisi kama umeiba chakula chako mwenyewe.

Na usiniambie hakuna wa kuangalia kibanda. Wahenga walisema mganga hajigangi, sawa, lakini hawakumkataza kwenda kwa mganga mwenzake. Huyo mama wa mboga upande wa pili, je, yeye anakula saa ngapi? Nina shaka naye anatafuna karanga amesimama. Pataneni: yeye anaangalia jiko lako dakika kumi, wewe unaangalia meza yake dakika kumi. Mmeshajaliana hivyo kwenye chama kwa pesa, mnashindwaje kwa chakula?

Sasa huo moyo unaodunda usiku. Ukiwa ufukweni Dunga jioni ukaona kiboko ameinua kichwa karibu na mtumbwi, mwili haukungoji ufikiri. Homoni ya adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia misuli ya miguu ili ukimbie, tumbo linaambiwa lingoje. Kiboko akizama ukafika nchi kavu, baada ya muda mambo yanatulia. Mungu alikuumba vizuri. Shida ni kwamba mwili hautofautishi sana kiboko na ujumbe wa simu unaokukumbusha deni. Kwako viboko wanaibuka saa kumi alfajiri na mpaka saa sita usiku hawajazama, na wewe unawamwagia strungi juu. Majani ya chai yana kafeini, na kafeini haina haraka ya kuondoka: saa tano baada ya kunywa, karibu nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni unalala nacho.

Sisemi uache chai. Mkenya aache chai anywe nini? Lakini cha mwisho kiwe saa nane mchana, na usikinywe pamoja na chakula, ngoja kama saa moja hivi. Chai ikikutana na maharagwe na mboga tumboni inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, na mwanamke anayeona siku zake kila mwezi hana chuma cha kumwaga. Huo mchana mwingine kunywa maji. Joto la Kisumu na moshi wa jiko peke yake vinatosha kukuumiza kichwa.

Kuhusu simu, utashangaa, sina ugomvi nawe. Nimekuelewa. Kuanzia saa kumi alfajiri wewe ni wa watu. Saa nne usiku watoto wamelala, hakuna anayeita "mama", hakuna anayeita "Mama Chapo", na zile saa mbili ndizo zako peke yako duniani. Ukizikatisha kwa nguvu utabaki na nini? Ila umeziweka mahali pabaya, kwa sababu unazilipia kwa usingizi. Ukilala saa sita na kuamka saa kumi umelala saa nne, na mtu mzima anahitaji saba au zaidi. Kwa kazi yako saba sikuahidi. Sita tunaweza. Saa nne usiku simu ilale sebuleni, wewe chumbani. Kama ndiyo inayokuamsha, nunua saa ya mezani ya kengele.

Zile saa mbili zako zihamishie mchana, hata kama zitapungua zikawa nusu saa. Saa tisa wateja wamepungua, si ndiyo? Mwachie binti kibanda. Ondoka mahali hapo kabisa, kwa miguu, bila karai kichwani na bila kitu cha kununua. Najua utanicheka: mtu anayesimama siku nzima anaambiwa akatembee! Lakini kusimama mahali pamoja mbele ya jiko ni kitu kingine kabisa, miguu inavimba tu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima atembee kwa haraka au afanye kazi ya kiasi hicho angalau dakika 150 kwa wiki; nusu saa kwa siku tano unazifikisha. Ukitaka kuangalia video zako chini ya mti, ziangalie. Na kwa kuwa Jumapili kwako ndiyo siku ya soko kubwa, chagua siku nyingine ya kufunga mapema, tuseme Jumatatu, uwapeleke watoto ziwani mkaangalie jua likizama. Huko hutozwi kiingilio cha kuangalia jua.

Na moyo ukianza kudunda ukiwa kazini, tumia chapati. Ikiwa kikaangoni upande wa kwanza, vuta pumzi kwa pua taratibu, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Igeuze, rudia. Chapati tano zikitoka, mabega yatakuwa yameshuka kutoka masikioni.

Sasa niruhusu nikukasirikie kidogo. Hilo daftari. Shilingi 6,400, kama chapati yako ni shilingi 20, ni chapati 320. Umezikanda, umezisukuma, umezichoma umesimama. Wao wamezila wameketi. Kisha unga ukaisha, ukaenda kukopa Fuliza ununue mwingine, na deni hilo linahesabu siku hata ukiwa umelala. Unaona? Hawa vijana wa boda wamekufanya benki, na wewe benki yako ni simu inayokunyima usingizi. Si watu wabaya, wengi wao watalipa ukiwadai. Hujawadai kwa sababu unaogopa wataenda kwa mwingine. Waende! Huko nako wataandikwa kwenye daftari. Ubao mdogo, chaki: "Deni mwisho shilingi 100." Anayedaiwa zaidi alipe nusu kwanza ndipo apakuliwe. Wala usimsimamie kwa ukali, mwonyeshe ubao tu, ubao ndio mkali.

Vivyo hivyo kwa jamaa wanaopiga simu, maana najua wapo hata kama hukuwataja. Jibu ni fupi: "Mwezi huu sina, nikipata nitakupigia mwenyewe." Usiongeze maelezo. Ukianza kueleza wataona pa kushika.

Nimeliacha la mtoto mwisho kwa sababu ndilo linalokuuma. Binti aliunguza chapati nne, hiyo ni pesa kabisa, ukamwambia pole, hutokea. Mtoto akamwaga maziwa ukamfokea. Na wewe ulipofoka ukajihukumu: mama mbaya. Kwa nini pole ilimfikia binti, ikakosa kufika kwa mwanao na kwako? Nadhani binti alikukuta asubuhi, maziwa yakamwagika jioni, na hiyo pole ilikuwa imeisha sufuriani kama maharagwe. Mwite mtoto. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, umwambie, "Siku ile nilikufokea kwa maziwa, nilikosea, nilikuwa nimechoka. Halikuwa kosa lako." Watoto wana moyo mkubwa kuliko sisi, atakuuliza tu kama kuna chapati. Halafu usiku ule jiambie wewe mwenyewe maneno uliyomwambia binti. Kwa sauti. Hutokea.

Jambo la mwisho ni presha. Moyo kudunda usiku unaweza kuwa mawazo, unaweza pia kuwa presha au upungufu wa damu, na mimi siwezi kukupima kwa barua. Wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba walipewa mikoba mwaka 2023, na ndani yake mna mashine ya kupima presha. Mtafute wa mtaa wenu, ama uingie kituo cha afya kilicho karibu. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe siku nyingine, na ikikaa hapo basi uanze kliniki. Ukipata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au mkono kufa ganzi ghafla, usingoje asubuhi.

Niandikie baada ya wiki mbili uniambie presha ilisoma ngapi, na mama wa mboga alisema nini. Na yule wa chapati mbili na maharagwe anayelipa "Ijumaa", maana kila kibanda kina wake, mwambie Shangazi amekagua kalenda, Ijumaa zimepita nyingi.