Mafunzo gani yawafaa vijana wa mjengo?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkandarasi mdogo, tunajenga nyumba za kupangisha za ghorofa nne huku Kisauni. Nina watu 24: waashi, mafundi wa nondo na wa mbao, na vibarua. Juzi kijana mmoja aliteleza jukwaani akaangukia rundo la mchanga, bahati nzuri akateguka mkono tu. Mwenye nyumba sasa anataka wote wapate mafunzo ya usalama. Nimeletewa njia tatu: kozi ya mtandaoni ya saa 10 yenye kadi ya OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani; mtaalamu atakayewakusanya siku moja hotelini Nyali, chakula juu yake; na mama mmoja anayesema atakuja saiti siku mbili, ila hana makaratasi ya kupendeza. Pesa zangu zatosha njia moja. Nishike ipi?
Mkandarasi, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe pole huyo kijana.

Ya kwanza iache. Sheria yetu ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo hufupishwa OSHA, ndiyo maana watu huuziwa kadi hiyo wakidhani ni ya hapa. Ile ilitungwa kwa wafanyakazi wa Marekani na inafundisha kanuni za kwao. Mkaguzi wa DOSHS, idara ya serikali yetu ya usalama na afya kazini, akiingia kwako haitamsaidia kitu. Kwa kuwa una watu zaidi ya 20, atataka kuiona kamati yako ya usalama, yenye wawakilishi wa wafanyakazi na wa uongozi, na atauliza nani aliyewafunza. Kwa hiyo yule wa hoteli na yule mama waulize jambo moja kabla ya bei: idhini ya DOSHS iko wapi? Kisha ukaihakikishe ofisini kwao papa hapa Mombasa. Karatasi ya kupendeza si idhini.

Wote wawili wakiwa nayo, mimi namchukua mama. Mtu hafundishwi jukwaa akiwa amekalia kiti cha hoteli. Lakini naye aje aone saiti kabla hujamlipa, umpandishe mpaka juu. Akitaka kukufundisha hanesi tu, ile mikanda ya mwilini yenye kamba ya kumzuia mtu anayeanguka, mrudishe. Wauza mafunzo wanaipenda hanesi kwa sababu inatoka vizuri kwenye picha. Hebu piga hesabu nami. Kamba yake ina mita 2. Mtu akianguka, kile kipande cha kupunguza kishindo huweza kufumuka hadi mita 1.75. Toka mgongoni ilipofungwa hadi nyayoni weka mita 1.5, na mita 1 ya akiba. Hiyo ni mita 6.25 chini ya pale alipojifunga! Fundi anayepiga plasta ghorofa ya kwanza atakuwa ameshafika chini kamba haijamaliza kazi yake. Huyo anaokolewa na jukwaa lenye reli ya kushika na mbao za kukanyagia zilizokaa sawasawa, si ubao mmoja unaocheza. Basi siku nzima ya kwanza iishie hapo: kulifunga jukwaa, kulikagua kila asubuhi, na kulikagua tena mvua kubwa ikishanyesha. Hanesi ibaki ya kule juu kabisa, na hapo mwulize mama: mtu akining'inia, nani atamteremsha, na kwa kifaa gani? Asipokuwa na jibu, hajui hanesi.

Siku ya pili waingie kwenye mitaro, waya za umeme, grainda, na zege. Zege watu hawaliogopi. Nimemwona kibarua aliyesimama kwenye slabu mchana kutwa, zege bichi limemwingia ndani ya gambuti, yeye akidhani ni jasho. Jioni alipovua soksi, ngozi ilitoka nayo. Saruji mbichi huunguza kimya kimya. Zege likiingia, vua hapo hapo uoshe kwa maji mengi. Kumwambia hivyo kungechukua dakika moja.

Yote yawe kwa Kiswahili. Na mtihani usiwe wa kuandika: mama alegeze kamba mahali, aondoe ubao mmoja, kisha amwambie fundi, "Kagua, niambie kasoro." Asiyeiona hajafuzu, hata kama alihudhuria siku zote mbili.

Vibarua, nawe wajua, wa leo si wa kesho. Utakayemfunza Jumanne huenda Jumatatu yuko Mtwapa kwa mtu mwingine. Ndiyo maana fomeni wako lazima awemo, tena akae mbele, ili kila mgeni akifika getini aelezwe kabla hajashika karai.

Huduma ya kwanza ni kozi mbali. Wapeleke wawili Msalaba Mwekundu au St John. Daraja la Nyali likijaa, kufika hospitali kuu kule Makadara ni safari, na damu haingoji foleni. Na kama unalipa ile ada ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ya shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi, waulize habari za kurudishiwa gharama za mafunzo. Uliza kabla ya kozi, usiende na risiti baadaye.

SWALI: Mzee, mimi ni fundi wa kuchomelea, nataka kwenda Ghuba. Wakala anasema bila NEBOSH sipati kazi. Ni kweli?
Fundi, Changamwe

JIBU: NEBOSH ni cheti cha Uingereza cha usalama kazini, na wanaokihitaji zaidi ni maofisa na wasimamizi wa usalama. Wewe unaenda kuchomelea. Fanya mtihani wa ufundi wa NITA, upande gredi, uwe na karatasi ya kazi ya mikono yako. Na huyo wakala mwombe akuonyeshe mahali mwajiri alipoandika kwamba anaitaka NEBOSH kwa fundi wa kuchomelea. Akikwambia, "Nipe kwanza pesa ya kozi," mwage kwa heri.