Nilinunua Herufi Tatu, Nikapewa na Gari

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Subaru Impreza jijini Nairobi kwa sababu ya herufi tatu za pinki zilizobandikwa nyuma: STI. Muuzaji alizitaja kila baada ya sentensi mbili. Fundi wangu akafungua boneti, akasoma kibao cha chesisi, akacheka. "Bro, hii ni GDA."

STI ni Subaru Tecnica International, kampuni iliyoanzishwa 1988 kushughulikia magari ya mashindano. Kwa Impreza za mwanzoni mwa miaka ya 2000, namba ya chesisi ya STI huanza na GDB. GDA ni WRX ya kawaida: injini EJ205 na gia tano, ilhali STI ya Japani ina EJ207 na gia sita. WRX si gari baya hata kidogo. Ni kifupi cha World Rally Experimental, na Wakenya hawahitaji kufundishwa habari za Impreza. Dereva Colin McRae alishinda nayo Safari Rally 1997. Kosa langu lilikuwa kulipa bei ya STI nikaondoka na WRX. Herufi zenyewe unazipata Kirinyaga Road kwa hela ya chakula cha mchana.

Tangu hapo kila jina la gari naliuliza: unapima, au unapamba tu?

Ferrari 250 GTO ya 1962 inapima. 250 ni takriban ujazo wa silinda moja kwa sentimita za ujazo (cc). Zidisha kwa silinda 12, unapata lita 3. GTO ni Gran Turismo Omologato, yaani limeidhinishwa kushindana. Porsche 911 haipimi kitu. Lilioneshwa 1963 likiitwa 901, Peugeot wakalalamika kwamba namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni zao nchini Ufaransa, basi sifuri ikageuzwa moja.

Wapenzi wa Toyota Altezza, nyinyi kaeni macho zaidi. RS200 na AS200 zote ni lita 2. AS ina silinda sita, lakini yenye nguvu ni RS ya silinda nne, ya injini 3S-GE. Chesisi ya RS ni SXE10, ya AS ni GXE10. Mwombe muuzaji picha ya kibao cha chesisi kabla hujatuma hata shilingi. Akikuletea picha ya rimu, achana naye.

Impreza bado ninayo. Zile herufi nilizibandua, ila alama ya gundi imegoma kutoka, na ukiinama vizuri bado inasomeka STI.