Mbebe kabla hajalia

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mzazi anayesafiri safari ndefu ya ndege na mtoto mdogo afanye nini ili wote wawili wafike wakiwa salama?" Najibu kama mama niliyetoka Dodoma kwenda Toronto, Canada, bila mwenzangu, nikiwa na binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushikilia viti. Umri huo ni mgumu, maana kukaa hataki na kutembea bado hajaweza. Baba yake alikuwa masomoni huko.

Jibu langu ni hili: mwangalie kwanza anayembeba mtoto. Ushauri mwingi tunaopewa ni wa vitu vya kununua: midoli, katuni za kwenye simu, mto wa shingoni. Hakuna anayekuuliza wewe utakula saa ngapi. Mama akishaishiwa nguvu, na mtoto hana mahali pa kutulia.

Kwa sisi wa Dodoma, safari haianzii kwenye ndege. Inaanza unapofunga mlango nyumbani. Nashukuru kwamba tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika kwetu, kwa hiyo Dar es Salaam ni mwendo wa saa nne hivi, si kutwa nzima ya basi. Lakini urahisi huo umewafanya wengi wapande treni asubuhi na ndege jioni yake. Kwa mwenye mtoto nasema hapana. Lala Dar, hata kama ni kwa shangazi mwenye chumba kimoja. Watoto wetu wamezoea hewa kavu ya huku. Wakishuka pwani joto lile la unyevunyevu linawachosha kabla hujafika hata uwanjani. Mtoto aliyelala usiku mzima, akaogeshwa, akashiba, anaingia kwenye ndege akiwa na akiba.

Karatasi nazipitia haraka. Mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Beba cheti chake cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja anabaki, beba barua yake ya kuridhia safari. Canada wanashauri hivyo, na barua hiyo inapunguza maswali. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayepakatwa hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, kwa kawaida asilimia 10 hivi pamoja na kodi, ila akitimiza miaka 2 kabla ya kurudi, safari ya kurudi atahitaji kiti chake. Wakati wa kukata tiketi, omba palepale siti za mbele zinazotazama ukuta, ambapo hufungwa kile kitanda kidogo cha mtoto. Uliza na ukomo wa uzito, maana kila shirika lina wake. Watoto wetu walioshiba uji wa lishe huuvuka mapema.

Ushauri ulionifaa kuliko wote nilipewa na mama mkwe wangu, mtu wa Mpwapwa, ambaye ndege anaiona ikipita juu tu. Alinipa kanga mbili laini, zilizofuliwa mpaka zikalegea, akaniambia: "Mwanangu, usingoje alie. Mbebe kabla hajalia. Akishaanza kulia, nyote wawili mmeshachoka."

Nilimtii. Baada ya chakula cha kwanza, taa zilipopunguzwa, nikamwona binti anavuta sikio na kuzungusha kichwa kifuani kwangu. Najua ishara hiyo. Baada yake kinafuata kilio. Nikasimama, nikaenda nyuma kabisa karibu na vyoo, pale wahudumu wanapoegesha vitoroli vyao. Nikainama, nikamweka mgongoni, nikavuta kanga mpaka chini ya makalio yake, nikakaza juu ya kifua. Nikaanza kuyumba taratibu, mguu huu, mguu ule. Akalishika pindo la kanga akawa analisugua kwa kidole gumba, na shavu lake lenye joto likatulia katikati ya mabega yangu. Mhudumu mmoja alisimama na birika la chai mkononi, macho yote kwenye fundo, akaniuliza kwa ishara kama halitafunguka. Nikalivuta kwa nguvu aone. Akatabasamu, akaniletea maji, na baadaye akanirudishia sahani ya chakula aliyokuwa ameniwekea ikiwa bado ya moto. Nililia kidogo pale, kwa sababu ya ile sahani.

Mbeleko ina masharti yake ndani ya ndege. Wakati wa kupaa, wa kutua, na ndege inapotikisika, inafunguliwa. Mtoto anapakatwa, kwenye mashirika mengi akiwa na mkanda wake mdogo uliounganishwa na wa kwako, na akiwa kwenye kile kitanda cha ukutani anatolewa. Usibishane na wahudumu juu ya hilo. Usimfunge pia ndani ya mkanda wako mwenyewe, kwa sababu ndege ikikatika mwendo ghafla uzito wako wote unamkandamiza yeye. Na tulipobadilisha ndege njiani, nilizidi kumshukuru mama mkwe. Vigari vya watoto vilivyoachwa mlangoni mwa ndege havikuletwa pale. Vilikwenda na mizigo hadi mwisho wa safari. Nilitembea korido zile ndefu mtoto akiwa mgongoni na mikono yangu miwili ikiwa huru kwa begi na pasipoti, huku nikiwaona kina mama wengine wamepakata mtoto mkono mmoja na kuburuta begi kwa mwingine. Kigari ni kizuri, ila usikifanye tegemeo lako la pekee.

Masikio ndiyo yanayoliza watoto wengi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna hewa, nayo inapitia kijia chembamba kinachoishia nyuma ya pua. Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa nje ya ngoma unaongezeka, na ule wa ndani lazima uufikie. Kijia hicho hufunguka mtu anapomeza. Sisi tunameza mate au kupiga miayo bila kufikiri. Mtoto mdogo anahitaji ziwa, chupa, au kikombe chenye maji. Wengi hunyonyesha ndege ikipaa, na ni vizuri, lakini kazi kubwa iko kwenye kushuka, ambako huanza karibu nusu saa kabla ya kutua. Mwombe mhudumu akuambie mapema. Mimi binti alikuwa amelala, nikamwamsha nikampa ziwa. Aliye na mafua mazito au maumivu ya sikio apelekwe hospitali kwanza, na kama safari inaweza kusogezwa, isogezwe.

Hewa yenyewe ya ndani inafanana na ya mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Dodoma mjini tuko kwenye mita 1,100 hivi, kwa hiyo unakuwa kama umepanda Njombe au juu zaidi. Mtoto mwenye afya havurugiki kwa hilo. Ila mwenye selimundu, mwenye tatizo la moyo au mapafu, na aliyezaliwa njiti, asipande bila daktari wake kusema ndiyo. Hewa hiyo pia ni kavu kuliko hata kiangazi cha kwetu. Mnyonyeshe mara kwa mara, nawe kunywa maji kila yanapopita. Mama aliyejifungua karibuni ana sababu ya ziada ya kusimama na kutembea, kwa kuwa kipindi hicho damu huganda kwa urahisi kwenye miguu ya mtu aliyekaa muda mrefu.

Sasa jambo linaloniumiza. Kabla sijaondoka, watu kadhaa wanaonipenda waliniambia nimpe mtoto dawa ya mafua ile inayoleta usingizi, ili "msisumbuane". Muuzaji wa duka moja la dawa alikuwa tayari kunipimia. Tafadhalini, kina mama na kina baba, msifanye hivyo. Dawa iitwayo promethazini haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumpunguzia upumuaji hadi akafa. Zile nyingine za jamii hiyo, pamoja na Piriton, si dawa za kulaza mtoto mwenye afya, na wapo watoto ambao badala ya kusinzia wanachachamaa safari nzima. Fikiria uko juu ya bahari, usiku, mtoto anapumua kwa shida, na hospitali iko mbali saa kadhaa. Beba paracetamol ya maji kwa ajili ya homa au maumivu, ukiwa umeelekezwa kipimo kulingana na uzito wake, na pakiti za ORS. Basi.

Chakula. Maziwa na chakula cha mtoto kwa kawaida huruhusiwa kupita ukaguzi hata kama yanazidi ile mililita 100 ya vimiminika, lakini yatoe uyaonyeshe, maana wanaweza kuyapima. Usibebe unga wa uji kwa matumaini ya kuomba maji ya moto. Maji ya chai hayaivishi ulezi, na uji mbichi utamsumbua tumbo. Viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi, vipande laini vya chapati vinatosha. Na kwa kuwa sisi ni watu wa Dodoma, najua kwenye begi lako kuna zabibu na karanga za kupelekea wenyeji. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5. Zabibu nzima nayo inaziba koo la mtoto sawasawa, kwa sababu ni laini, ya mviringo, na inateleza. Ikate kwa urefu vipande vinne. Zinazobaki, zitaje kwenye ukaguzi wa Canada, kwa kuwa chakula chochote unachoingiza unatakiwa kukitangaza.

Kwenye basi la Singida, ukipanda na mtoto, jirani yako anampokea kabla hujakaa. Kwenye ndege haiko hivyo. Kila mtu ana skrini yake, na hata mwenye moyo mwema anaogopa kukugusia mtoto. Kwa hiyo salimia. Mara tu unapokaa, wasalimie walio kulia, kushoto na nyuma yako, waambie jina la mtoto. Ukihitaji kwenda msalani, mwombe mhudumu akushikie. Nimesikia wapo wazazi wanaowagawia abiria pipi na vikaratasi vya kuomba radhi mapema kwa kilio cha mtoto. Sikubaliani na hilo. Mtoto ni abiria, amelipiwa, na kulia ndiyo lugha aliyo nayo. Salamu inatosha, nayo inaleta msaada ambao pipi haziuleti.

Nepi, weka nyingi kuliko unavyodhani, na blauzi yako ya akiba iwe kwenye begi la mkononi. Mtoto akilala, lala. Usianze kutazama filamu.

Ukifika, kazi haijaisha. Majira ya joto Toronto iko nyuma yetu kwa saa saba. Mtoto aliyezoea kulala saa mbili usiku anasinzia saa saba mchana ya huko, na alfajiri yake ya Dodoma inamkuta saa tano usiku, macho makavu, anataka kucheza. Mwanga wa asubuhi ndio unaomrudisha kwenye mstari, pamoja na kumlisha kwa saa za huko, na huchukua siku kadhaa. Usiku akiamka, taa ziwe hafifu na mazungumzo yawe machache. Watanzania wa huko watakuja kukusalimia, ni desturi yetu na ni nzuri. Waambie bila haya waje na chakula, wamchukue mtoto wamtoe nje juani, nawe uende ukalale.

Mama wa mtoto mmoja, Kisasa, Dodoma