Meneja wa bidhaa ya akili bandia, anza na makosa

Wanaotaka kuingia kwenye umeneja wa bidhaa za akili bandia huniuliza kama ni lazima wajue hesabu za modeli, yaani programu iliyojifunza kutoka kwenye data. Jifunze kiasi cha kutobabaishwa kikaoni, huwa nawajibu, kwa sababu uzito wa kazi uko kwingine. Kwenye programu ya kawaida kitufe hufanya leo kilichofanya jana, na kisipofanya ni hitilafu, inarekebishwa. Bidhaa ya akili bandia hukosea hata ikiwa nzima kabisa. Hivyo lazima mtu aamue mapema ni makosa gani yanavumilika, nani anaumia nayo, na yakitokea kinafuata nini. Usipoamua wewe, ataamua mhandisi usiku wa manane akiwa peke yake na msimbo wake, na hapo umemtwika mzigo usio wake.

Chukua mfumo wa kunasa miamala ya wizi. Tuseme kati ya miamala 1,000, mitano ndiyo ya wizi. Modeli inayosema "salama" kwa kila muamala itakuwa sahihi kwa asilimia 99.5, na haitanasa mwizi hata mmoja. Ndiyo maana nikiwekewa asilimia ya usahihi kwenye slaidi, nauliza kwanza: yaliyokosewa yameangukia kwa nani? Ukiulegeza mfumo, wezi wanapita. Ukiukaza, wateja wema wanafungiwa pesa zao. Mahali pa kusimama kati ya hayo mawili hapapatikani kwa hesabu tupu. Lazima ujue mteja aliyefungiwa anapata hasara gani, watu wa huduma kwa wateja wanamudu malalamiko mangapi kwa siku, na kumfungulia kunachukua dakika au wiki. Kwa uzoefu wangu, hilo la mwisho ndilo huamua mengi: kufungua kukiwa kwepesi, unaweza kukaza zaidi.

Wastani nao una uficho wake. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara inayotambua jinsia ya mtu kwa kutazama picha ya uso. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Ukidai matokeo ya kila kundi kabla ya bidhaa kutoka, utaitwa mchelewesha kazi. Vumilia.

Jambo jingine: soma data kwa macho yako, usisubiri muhtasari. Kwenye kazi moja tulikuwa tunafundisha mfumo kupanga ujumbe wa wateja, na ujumbe mmoja ulisema: "Nimelipa mara mbili, moja inarudi lini?" Kati ya watu waliokuwa wakiupanga kwa mkono ili mfumo ujifunze kwao, mmoja aliuweka kwenye maswali, mwenzake kwenye malalamiko. Wahandisi waliona ni tofauti ndogo ya kawaida. Lakini swali lilikuwa linajibiwa na mashine, na lalamiko lilikuwa linakwenda kwa binadamu, kwa hiyo hapo tulikuwa tunaamua mtu aliyekatwa pesa mara mbili aongee na nani. Tukaandika kanuni: anayetaja pesa iliyomtoka kimakosa, huyo analalamika, hata kama ameweka alama ya kuuliza. Sentensi hiyo ilitusaidia kuliko modeli mpya.

Kwa roboti za mazungumzo, yaani programu zinazowajibu wateja badala ya mtu, mimi huanza na orodha ya mambo ambayo roboti hairuhusiwi kuyasemea: marejesho ya pesa, masharti ya mkataba, afya. Huko ioneshe ukurasa rasmi au imwite mtu. Anayeona huo ni woga akasome uamuzi wa Februari 2024 kule British Columbia, Kanada. Roboti ya shirika la ndege la Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli baada ya safari, wakati sera ya kampuni haikuruhusu hivyo. Kampuni ikajitetea kana kwamba roboti ni chombo kinachojitegemea na kinapaswa kubeba lawama zake chenyewe. Baraza lililosikiliza shauri likakataa, na kampuni ikaamriwa kumlipa. Mteja haoni roboti, anaiona kampuni.

Na kabla ya hayo yote, uliza kama akili bandia inahitajika. Kanuni tano zilizoandikwa vizuri wakati mwingine zinatosha, tena zinaeleweka na mkaguzi. Hakuna atakayekupigia makofi kwa hilo.

Ikibidi iwepo, kusanya mifano halisi pamoja na majibu mnayokubaliana kuwa ni sahihi, hasa ile migumu, na uitunze mbali na data ya kufundishia. Modeli ikibadilishwa, hata kwa toleo dogo kutoka kwa kampuni mnayoikodi, pitisheni mifano yote upya kabla ya wateja kuguswa. Kisha muandike jina la mtu mwenye ruhusa ya kuizima huduma usiku wa Jumamosi bila kuitisha kikao.