Siku mbili za Corman, na tatu zilizozitangulia

Kila tukipokea vijana wapya kwenye seti, wiki haiishi kabla mmoja hajanifuata pembeni: "Kaka, mbona Roger Corman alimaliza filamu nzima kwa siku mbili?" Anamzungumzia yule mwongozaji na mtayarishaji wa Marekani aliyesifika kwa filamu za haraka na za pesa kidogo. Humuuliza na mimi: alifanya mazoezi siku ngapi? Hapo huwa kimya.

Mimi ni msaidizi wa mwongozaji, mwaka wa 12 sasa, kazi zangu nyingi zikiwa Dar es Salaam. Ninachoshughulika nacho ni ratiba: nani afike saa ngapi, sini ipi itangulie, nani kaondoka na waya wa taa. Kwa hiyo Corman simwangalii kama mshabiki wa mazimwi yake ya mpira, ingawa nayo yana raha yake. Namwangalia kama mwenzangu wa ratiba.

Filamu yenyewe ni The Little Shop of Horrors. Ilitoka 1960, na ni kweli, sini za ndani zilishutiwa kwa siku 2. Bajeti ilikuwa takriban dola 30,000. Kinachorukwa katika hadithi hiyo ni kwamba waigizaji walifanya mazoezi siku 3 kabla, kwenye seti iliyobaki baada ya filamu nyingine. Kamera zilipowashwa hakuna aliyeuliza asimame wapi. Tena ziliwekwa kamera 2 kwa pamoja, isilazimike sini kurudiwa kwa ajili ya pembe ya pili. Picha za mitaani zilipigwa kando na kikundi kidogo alichokiongoza mwandishi wa skripti, Charles Griffith. Huyo Griffith ndiye pia sauti ya ule mmea unaokula watu. Alikuwa akisoma maneno yake nje ya kamera ili waigizaji wapate wa kujibizana naye, na sauti ikabaki hivyohivyo.

Ukijua alikotoka hutashangaa. Corman, mzaliwa wa Detroit mwaka 1926, alisomea uhandisi wa viwanda Stanford. Kazi ya uhandisi aliifanya siku 4 tu akaacha, akaingia 20th Century Fox kama tarishi wa barua, kisha msomaji wa skripti. Aliona mawazo yake yakitumika bila jina lake kutajwa, akaondoka. Filamu yake ya kwanza kama mtayarishaji, ya 1954, ina nyambizi ya mtu mmoja ambayo hakuilipia hata senti. Aliisoma gazetini, akawapigia simu kampuni iliyoitengeneza, akawaambia nitawatangazia chombo chenu, wakampa. Jambo hilo vijana wengi wanaliona ni ujanja wa mjini. Mimi naona mtu aliyejua kabla ya siku ya kushuti ni kitu gani kitamgharimu, akakitafutia njia mapema.

Wala msidhani alizaliwa na moyo wa chuma. Siku ya kwanza ya kuongoza filamu yake mwenyewe, mwaka 1955, mvua ilimkuta njiani kwenda lokesheni. Akawaza kwamba hata hajaanza tayari amechelewa, akasimamisha gari pembeni, akatapika.

Sasa linganisheni na The Terror ya 1963. Mtu ni yuleyule, siku ni 2 zilezile, na seti ni za kuokoteza vilevile: ngome iliyojengwa kwa ajili ya filamu yake nyingine, The Raven, ilikuwa haijabomolewa, na nyota wake, Boris Karloff, angeweza kupatikana siku mbili zaidi. Kilichokosekana ni hadithi. Ziliandikwa kurasa za kumtosha Karloff tu, akapita kwenye korido na ngazi, akaenda zake. Kilichobaki kilichukua miezi 9, kikipita mikononi mwa Francis Ford Coppola, Monte Hellman, Jack Hill, hata Jack Nicholson aliyekuwa mwigizaji humo. Mwishowe hakuna aliyeielewa filamu, ikabidi iongezwe sini ambamo Nicholson anambana mwenzake mlangoni aseme ukweli wote. Itazameni. Ile ni sini ya kumweleza mtazamaji kile ambacho skripti ilishindwa kumweleza.

Nacheka, lakini yamenikuta. Mwaka wangu wa kwanza mtayarishaji mmoja alituaminisha tutamaliza tamthilia ya dakika 50 kwa siku 3, kwenye nyumba ya kukodi. Skripti tulipewa asubuhi ya kushuti, karatasi bado zina joto la mashine. Saa 4 mama wa hadithi anaingia sebuleni kajifunga khanga; sini inayotangulia, tuliyokwisha kuishuti jikoni, amevaa dera la bluu. Hakuna aliyekuwa ameandika. Tukarudia. Mchana taa zikahamishwa kutoka dirishani kwenda mlangoni, halafu zikarudishwa dirishani kwa sababu ya maneno mawili yaliyosahaulika. Siku 3 zikawa 9. Jenereta ikala pesa ya chakula, na siku ya mwisho mama ntilie akaja akakaa kwenye kiti cha mwongozaji, mkoba mapajani, akasema haondoki mpaka alipwe.

Tangu hapo skripti naisoma na kalamu mbili, moja ya mavazi na moja ya upande ambao kamera inatazama. Yote yanayotazama dirishani yanashutiwa kwanza, hata kama ni ya sini nne tofauti, ndipo taa zigeuzwe. Waigizaji hulalamika kwamba wanalia kabla ya kupata habari ya msiba. Waacheni walalamike, ila wapeni mazoezi.

Mtasikia pia kwamba Corman hakuwahi kupoteza senti. Jalada la kitabu chake linajigamba hivyo. The Intruder, filamu ya 1962 kuhusu ubaguzi wa rangi shuleni, aliishuti Missouri kwa pesa zake na za ndugu yake Gene, wenyeji wakawafukuza baadhi ya maeneo, na ilipotoka haikurudisha pesa. Kwangu ndiyo filamu yake bora.

Kuhusu malipo, alijulikana kwa mkono wa birika. Lakini vijana wake walipandishwa haraka. James Cameron, aliyekuja kuongoza Titanic, aliajiriwa kutengeneza vimodeli vya vyombo vya angani. Mwaka uliofuata, kwenye filamu ya Galaxy of Terror, alikuwa akishuti mkono bandia uliojaa funza, na funza hawakutaka kucheza. Akapitisha umeme kwa waya uliofichwa. Alipoamuru kuanza wakafurukuta, alipoamuru kukata wakatulia, na watayarishaji wawili waliokuwa wakipita nyuma yake wakaona. Hao wakampa kazi ya kuongoza filamu. Kwa hiyo mkiambiwa mshike mkono bandia, ushikeni vizuri.

Corman alikuwa pia akiwashauri waongozaji wakae chini kila wanapopata nafasi, kwa kuwa siku ni ndefu na miguu huchoka kabla ya akili. Ushauri huo niliusoma nikiwa bado kwenye ile nyumba ya kukodi, siku ya 9. Kiti kilikuwa na mama ntilie.