Ukichagua projekta, msome aliyekaa nayo

Maoni ya wanunuzi yanasaidia kuliko maandishi ya kwenye boksi, ila si maoni yote. Yale ya nyota tano yaliyoandikwa siku mzigo ulipofika mimi huyapita tu. Mtu bado ana furaha ya kitu kipya, atasema nini? Namtafuta aliyekaa na projekta mwaka mzima, akasafisha chujio la vumbi na kusikia feni ikivuma waigizaji wanaponong'ona.

Malalamiko ndiyo yenye faida, lakini kila lalamiko lina chumba chake. Akisema picha imefifia, nataka kujua alitazama mchana au usiku, pazia limefungwa au la, na picha ameikuza kiasi gani. Mwanga unaotoka ni uleule: ukiongeza upana wa picha mara mbili, eneo linakuwa mara nne na mwangaza unabaki robo. Ndiyo maana projekta moja inasifiwa na mwenye chumba cha giza, inatukanwa na mwenye sebule yenye madirisha, na wote wawili wanasema kweli.

Namba za muuzaji nazo zina ujanja. Ukikuta ya bei rahisi imeandikwa lumeni 9,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga), angalia kama ni lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kanuni rasmi. Kama hawasemi, usizihesabu. Na "inakubali 4K", yaani video yenye picha kali sana, maana yake inapokea tu video hiyo. Pikseli zake zenyewe, yaani vidoti vinavyounda picha, huenda ni 1280 kwa 720.

Lipo lalamiko ambalo maoni ya watu elfu hayatakumalizia: vimulimuli vya rangi za upinde wa mvua. Hutokea kwenye DLP za chipu moja, yaani projekta zinazounda picha kwa chipu ya vioo vidogo sana, kwa kuwa nyekundu, kijani na bluu hurushwa kwa zamu. Wengine hawavioni kamwe, wengine huumwa kichwa. Omba uwashiwe, kisha peleka macho upesi huku na huku kwenye maandishi meupe juu ya weusi. Za 3LCD, zenye paneli tatu zinazorusha rangi zote kwa pamoja, hazina shida hiyo. Wenye nazo hulalamikia zaidi vumbi lililoingia ndani, linaloacha doa kwenye matukio ya giza.

Mwishoni nilibakiwa na mbili. Moja ililalamikiwa kelele za feni, nyingine kujizima yenyewe baada ya miezi michache. Nilichukua ya kelele, nikaifunga darini mbali na kochi.