Umeokota ndege? Tuliza mikono kwanza

Nyie mnaoanza kujitolea kwenye haya mambo ya ndege nawaambia ukweli, ndege wangu wa kwanza nilimuua mwenyewe. Alikuwa tetere, kagongwa na bodaboda pale Mabibo, nikambeba hadi nyumbani nikampakata nikaanza kumnywesha uji kwa kijiko huku nambembeleza. Dakika kumi nyingi, kakata roho. Baadae daktari wa mifugo akanionyesha kwamba tundu la pumzi la ndege liko palepale kwenye shina la ulimi, ukimmiminia kitu kinaingia kwenye mapafu. Yaani nilimzamisha kwenye uji.

Kwahiyo saa za mwanzo kazi yako ni boksi tu. Boksi lolote la dukani, toboa matundu, tandika kitambaa (siyo taulo, kucha zinanasa), mfungie humo gizani mbali na redio, watoto na paka. Chakula hapana, maji hapana. Joto letu la Dar mara nyingi linatosha ila akiwa kalowa mvua au ni kinda hajaota manyoya, chupa ya maji moto izungushie kanga uweke upande mmoja, joto likimzidi asogee. Na usichungulie kila baada ya dakika tano!! Kwake wewe ni jitu linalotaka kumla, na ndege aliyeumia anaweza kufa kwa hofu peke yake.

Kumshika, mfunike kichwa na kitambaa, yakusanye mabawa yalale mwilini, ila kifua usikikamue, ndege hana kiwambo (ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu) kama sisi, kifua kisipotanuka hapumui. Bundi na mwewe chunga kucha kuliko mdomo. Yangeyange analenga macho, usimuinamie.

Aliyeng'atwa na paka usidanganyike na kitobo kidogo, mate ya paka yana bakteria wabaya sana, siku hiyohiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo apate antibayotiki. Vidonge vyako vya nyumbani achana navyo. Na yule kinda mwenye manyoya na kimkia kifupi anayerukaruka chini ya mti, huyo wala haumwi, anajifunza kuruka, muweke kwenye tawi uondoke wazazi wake wanakuona.

Sasa bundi. Huyu nilimkuta Manzese vijana wanamrushia mawe, bawa la kushoto linaburuta, anayumbisha kichwa na kugonganisha mdomo tak tak tak. Nikavua shati nikamfunika. Mama mmoja jirani akaniambia mwanangu achana na hilo dude, ukiliingiza kwako mtu anakufa. Nikamjibu shikamoo mama, nikaondoka nalo.

Daktari akamfunga bawa, na nikatoa taarifa kwa watu wa wanyamapori, hili msilipuuze, kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na ndege wa porini hafugwi kienyeji tu eti kwa sababu umemuonea huruma. Mifupa ya ndege inaunga haraka, wiki mbili tatu, bandeji ikikaa zaidi ya hapo kiungo kinakakamaa.

Kilichonitesa ni msosi. Nilimpa steki safi kabisa, kila asubuhi nikimuweka kwenye mizani ya jikoni gramu zinashuka, 281, 274, 268. Kumbe nyama tupu haimtoshi, anataka mnyama mzima na mifupa na manyoya yake. Nikahamia panya wa mtego (wa sumu HAPANA, sumu inamuua na yeye) na vifaranga. Siku ya pili akatapika lile donge la kijivu la manyoya na vifupa ambavyo tumbo la bundi halisagi, kama kidole gumba hivi, dalili kwamba anakula sawasawa, nilishangilia peke yangu jikoni kama Simba wamefunga.

Kumwachia, bundi ni wakati wa magharibi giza likiingia, mchana kunguru wa mji huu watamchangia. Msikilize kwanza ndani akiruka, bundi mzima haumsikii kabisa, ukisikia fyuu fyuu ujue manyoya ya bawa yameharibika, subiri. Wangu alikuwa kimya. Nikamrudisha Manzese palepale, akaruka moja kwa moja hadi kwenye mwembe. Yule mama alikuwa mlangoni, akaniangalia juu mpaka chini, akasema kumbe bado mzima? Sijui alikuwa ananiuliza mimi au bundi.